Tour ya Mama Masika wa Beu

Kahawa iliyooza ndiyo iliyonipeleka Beni. Kazi yangu hapa Butembo ni kutengeneza mashine za kumenyea kahawa, na kila mhimili ulipovunjika nilipanga foleni kwenye atelier, karakana ya mtu mwingine. Msimu uliopita mkulima mmoja alingoja siku tisa. Kahawa yake ikachacha ndani ya magunia. Kwa hiyo niliposikia kanisani kwamba mjane mmoja wa commune ya Beu, huko Beni, anauza kwa bei ndogo tour ya marehemu mumewe, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, sikulala vizuri tena.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka, mimi na Katembo, dereva wa Fuso. Ukungu ulikuwa umemeza vilima. Mji ukabaki mabati machache yanayoelea. Katembo hapendi maneno asubuhi. Nikaegemea kioo, nikasinzia macho wazi, na kila kitu nje kikawa kinazunguka polepole: magurudumu ya pikipiki, moshi wa tanuri za matofali, hata mikaratusi.

Kwenye barrière askari alitusimamisha.

“Munaenda kutafuta nini?”

“Mashini, chef,” nikajibu.

“Ya muziki?”

“Ya kuchonga chuma.”

Akatupungia mkono tupite, kama mtu aliyenyimwa dansi.

Saa nne tulifika Beu. Mama Masika, mjane mwenyewe, alikuwa mwembamba, na kitenge chake amekifunga juu ya koti la kazi la mwanamume. Alitupeleka chumba cha nyuma, akaondoa turubai. Tour ilikuwa ndefu kama kitanda, ya kijani, imepakwa mafuta. Katika taya zake kulikuwa na mhimili uliochongwa nusu. Nusu moja iling'aa, nusu nyingine ilikuwa na kutu.

“Ni akse ya moulin,” akasema. “Banamama ba Mulekera banaingojea kwa kusaga mihogo. Bwana yangu aliacha pale, akaenda kulala, hakuamuka tena.”

Nikaugusa mhimili pale kutu ilipoanzia.

“Batu ba chuma chakavu bamekuya jana na nyundo,” akaendelea. “Banalipa mingi kuliko weye. Lakini banataka kuivunja. Weye unaweza kuimaliza?”

“Nitajaribu, mama.”

“Hapana kujaribu. Umalize, kisha ubebe.”

Akawasha moteur yeye mwenyewe. Kabla sijagusa kisu akaniambia kwamba reli za mashine zimelika karibu na kichwa chake, penye taya, na chuma kirefu hutoka chembamba upande mmoja. Muuzaji gani husema hivyo? Alinionyesha mumewe alivyokuwa akirudisha kisu kidogo kidogo kila alipofika pale.

Nyuzi za chuma zikaanza kutoka, za buluu, zikijikunja na kuanguka miguuni pangu. Sijui nilikaa muda gani. Katembo anasema saa tatu nzima. Mimi nakumbuka sauti moja tu, laini, na harufu ya mafuta ya moto, na fikra kwamba kuna mtu mwingine amesimama mahali niliposimama. Mwishoni roulement, beringi mpya iliyokuwa pembeni, ikaingia kwenye mhimili bila kulazimishwa. Nilipopitisha ukucha, nikasikia mstari mwembamba mahali mkono wa marehemu ulipoishia na wangu ulipoanza. Nikachukua msasa niufute.

“Uuache,” Mama Masika akasema.

Alasiri, wanaume wanane waliipandisha tour kwenye Fuso. Mama Masika alikaa katikati yetu, mhimili mapajani, mpaka Mulekera. Tulipoufunga mhimili na wanawake wakawasha moulin, aliweka kiganja chini ya unga wa kwanza uliomwagika. Akabaki hivyo, akitazama mkono wake ukiwa mweupe. Hakugeuka kutuaga, nasi hatukupiga honi.

Njia nzima ya kurudi Katembo aliimba. Nyuma yetu chuma kizito kilitikisika kidogo kwenye kila shimo. Usiku tulifika Butembo.

Nilikwenda kununua mashine, nikajifunza kumaliza kazi ya mtu ambaye sikumjua. Sasa kila ninapoacha mhimili nusu ili nikale, nachukua chaki na kuandika ukutani: ni wa nani, unene gani, na mahali nilipofikia.