Mandazi ya Mayai Mlangoni pa Hekalu

Hadi leo, iliki ikigusa mafuta ya moto, hasira hunipanda kwanza, njaa baadaye. Nisikilizeni kabla hamjanicheka.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulipanga nyumba Hyattsville, huku Marekani, na mama alimtunza bibi mmoja Mhindi aliyeishi kwa mwanawe kule Germantown. Tulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Ba alikuwa ameuza vitambaa Kisumu karibu maisha yake yote, na Kiswahili chake cha dukani ndicho kilichowapatanisha yeye na mama. Mimi nilikielewa chote ila nilijibu kwa Kiingereza, jambo lililomkera mama ajabu.

Ba alipenda kusimulia hekalu la kale la huko alikozaliwa, juu mlimani, mawe yake yamelika kwa nyayo za watu. Aliupanda mlima huo akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mamake. Basi mama aliponiambia kwamba Jumamosi tunampeleka Ba hekaluni, kilimani, mimi nilisikia mlima. Nilivaa viatu vya kupandia.

Kumbe! Kilima chenyewe kilikuwa kifupi kuliko kile cha nyuma ya shule yetu. Gari letu bovu lilifika juu bila hata kukohoa, na hekalu lilikuwa jipya, jeupe, bado linanuka rangi. Nikauliza la kale liko wapi. Mama alinikata jicho.

Na tulikuwa tumechelewa, kisa mandazi. Mkono mtupu haulambwi, mama alisema, na asubuhi nzima alikanda na kukaanga beseni zima kama anayepeleka posa. Tulipokwenda kumchukua Ba tulimkuta amekwisha kuvaa sari yake nyeupe, anatazama saa.

Mlangoni pa hekalu tulivua viatu. Mzee mmoja wa pale, mpole kabisa, akauliza kama mandazi yana mayai. Mama akajibu kwa fahari kwamba yanayo, tena mengi, yeye si mtu wa kubania wenyeji. Mzee akasema basi hayawezi kuingia. Mayai hayapelekwi mbele ya Mungu wao. Kwetu, kukataliwa chakula ulichokipika mwenyewe ni sawa na kufukuzwa. Mama akaeleza, mzee naye akaeleza, kila mmoja kwa adabu zake, na mimi nimesimama na soksi kwenye sakafu baridi, mpaka kengele ikalia ndani. Saa sita. Pazia likavutwa mbele ya sanamu. Lingefunguliwa tena saa kumi.

Ba alilitazama lile pazia kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, viganja amevikutanisha.

"Wambui," akamwambia mama polepole, "kijana yangu anapeleka mimi Texas wiki kesho. Huko nani taleta mimi?"

Mama alikuwa na kazi ya pili, ghalani, kuanzia saa tisa. Hakuwahi kuikosa, hata akiwa na homa. Niliokota viatu vyangu, nikijua tunaondoka. Lakini mama alikwenda kwenye simu ya sarafu iliyokuwa nje, na kwa masikio yangu nikamsikia akimwambia bosi wake kwamba leo haji, yuko na mama yake.

Mama yupi? Shosho, mama yake mzazi, tulikuwa tumemlilia mwaka uliotangulia. Alizikwa Karatina mama akiwa huku huku, kwa sababu hakuwa na makaratasi ya ukaazi: angetoka, asingeweza kurudi. Mimi nilikuwa nimechapwa kwa uongo mdogo kuliko huo! Nilikaa garini kwenye joto, nimenuna, nikala mandazi hadi tumbo likauma.

Saa kumi pazia lilifunguka. Mama, mtu wa kanisa kila Jumapili, alimsukuma Ba hadi mbele kabisa na kuchuchumaa kando yake. Ba alitazama sanamu kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Mama naye alikuwa akilia. Mimi niliona aibu, nikageukia ukutani.

Tulipokwisha kumrudisha Ba, nilimwuliza mama mbona alimdanganya bosi wake. Nilimwuliza kwa Kiswahili, ili asipate kisingizio.

"Sikudanganya," akasema, macho barabarani.

Nilikasirika njia nzima. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba ruhusa aliyoiomba siku ile ilikuwa ya kumzika shosho, ila ilikuwa imechelewa mwaka mzima.