Jibu Moja kwa Ghala Zima

Nilikuwa nikijisifu kwamba hapa duniani hakuna tena cha kunishangaza, mimi niliyeishia darasa la nne na enzi za ruksa ya biashara zilipofika nikasimika mashine ya kusaga pale Mlali, nikajaza ghala mahindi, mpaka wasomi wa mjini wakawa wananikopa nauli. Kumbe aibu yangu ilikuwa njiani, inakuja na gari la daktari.

Walitoka Dodoma kupima watu wanaochanganya dawa ya dumuzi, mdudu anayetoboa punje, kwenye mahindi. Daktari, mama mmoja mpole, alisema hataki kujua tu mtu amevuta vumbi la dawa kiasi gani, anataka kujua alianza lini, maana kifua cha mtoto anayekua na cha mtu mzima haviumii sawasawa. Atawalinganisha walioanza mapema na waliochelewa, na wenye dalili atawapeleka hospitali kwa gari lake, watibiwe bure. Nikamtazama Yohana, kijana wangu wa kazi ghalani anayekohoa mpaka anashika ukuta, nikasema Mungu amemkumbuka.

Hapo ningenyamaza. Lakini (najijua) nikawavuta wafanyakazi pembeni: "Semeni wote mlianza siku nilipofungua mashine." Siku ile nilichinja fahali, nani asiyeikumbuka? Niliona ni heshima, na kwetu mwenye mji ndiye huwasemea watu wake.

Wakajibu hivyo mmoja baada ya mwingine, kijiji kizima kinasikiliza. Hata Mwajuma, aliyeolewa kutoka Kondoa mavuno haya haya, naye akasema, "Siku ya mashine."

"We bi harusi, muungurumo wake uliusikia mpaka Kondoa? Pilau ya harusi yako bado tunaicheua!" jirani mmoja akapayuka. Watu wakaangua kicheko.

Daktari hakucheka. "Mzee, wote wameanza siku moja. Nimlinganishe nani na nani?"

"Na Yohana je, daktari?"

"Sijui tena lipi jibu lake na lipi lako. Na gari ni la waliomo kwenye utafiti."

Ghala langu likatolewa kwenye utafiti. Ningeweza kusema pale pale kwamba Yohana nilimchukua kabla hata ya mashine, lakini macho yote yalikuwa kwangu, nikaona haya kujikanusha.

Mama yake Yohana alifika kutoka shambani vumbi la gari halijatulia. "Baba Neema, mwanangu aliingia ghalani kwako hajang'oa meno ya utoto. Uliona haya gani kulisema?"

Mimi niliyewapa watu wote majibu nikaenda kuulizia basi la kwenda hospitali.

Kesho yake nilimpandisha Yohana basi mwenyewe, akalala begani kwangu njia nzima. Alirudi nusu mzima: gunia haliwezi tena, hukaa mlangoni akipokea madebe ya wateja. Tangu hapo mtu wangu akiulizwa habari zake, mimi nainuka naondoka, ajisemee. Nauli, picha ya kifua, kitanda na dawa vilinitoka shilingi elfu themanini na nne na mia sita.