Aliyenishikia Mashine

Walikuwepo meneja wa kiwanda, msimamizi wetu wa zamu, mwalimu wa chuo kikuu na wanafunzi wake wanne, mama mmoja kutoka Mwera aliyekuwa akisokota kamba za katani kwenye mashine jirani na yangu, na mimi. Mmoja wa wale wanafunzi alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Tulikaa kwenye ukumbi wa kulia chakula, feni zimezimwa ili tusikilizane.

Wanafunzi walikuwa wamemaliza wiki kadhaa kwetu wakichunguza tabia za watu kazini. Chuo chao kilipatana na kiwanda: wao wajifunze, kiwanda kipate ushauri. Siku ya kwanza mdogo wangu alipomwamkia yule mama shikamoo, aliitikia marahaba, akampima kwa macho.

"Ndiye huyu? Mwanangu, urefu wote huo ni jasho langu, nawe waja kuniandika?"

Tulicheka, hata msimamizi.

Haukuwa utani mtupu. Baba alipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikaingia kiwandani. Mwaka uliofuata mama akalazwa. Kibarua asiposimama kwenye mashine hana siku, wala malipo yake. Lakini wanawake wa kiwanda chetu walikuwa na desturi yao, wakiiita kushikiana. Mwenye mgonjwa au msiba huenda kwake, jirani yake akaendesha mashine mbili, na siku ya aliyeondoka ikahesabika kama kawaida. Halipwi mtu kwa hilo. Hurudishwa vilevile, msiba unapomfika aliyekushikia. Mama wa Mwera alinishikia tangu mama yetu anauguzwa hadi tulipoanua matanga. Nyumbani Nguvumali wadogo zangu hawakulala njaa, wala hakuna aliyeacha shule tena baada yangu.

Mdogo wangu alijua tulisaidiwa, hakujua namna. Alipoona mtu mmoja akihangaika kati ya mashine mbili, aliniuliza jioni nikiwa napika, nami nikamweleza yote. Nilimweleza kwa furaha. Miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikimwuliza mambo ya vitabuni. Jioni ile aliuliza yeye, na jibu nilikuwa nalo.

Mkutanoni aliinuka akasema ameona hapa jambo ambalo hakulisoma darasani. Akaeleza kushikiana vizuri kuliko nilivyomweleza mimi, akaomba uongozi ulitambue rasmi. Hakutaja mtu. Mwalimu wake alikuwa akitabasamu. Msimamizi, ambaye siku zote alijifanya haoni, aliinamisha uso.

Meneja hakukasirika. Aliuliza kwa upole, "Kwa hiyo mtu mmoja anasimamia mashine mbili, na mashine zenyewe ndizo hizi zinazoweza kukata mkono?"

Mdogo wangu alinitazama. Hapo ndipo alipoelewa.

Jumatatu tukaambiwa kila mtu na mashine yake, na asiyekuwepo hayupo. Siwezi kusema meneja alikosea kuhusu mikono. Mdogo wangu alimfuata yule mama getini kumwomba radhi; naye akamwambia aende akasome, asimcheleweshee gari.

Haikupita miezi mingi mume wa yule mama akapooza huko Mwera. Aliomba ruhusa akapewa, bila malipo. Ruhusa iliporefuka, nafasi yake akapewa msichana kutoka Muheza. Mashine ile ilikuwa karibu nami kiasi kwamba vumbi lake la katani lilinitua begani. Ningeweza kuziendesha zote mbili. Nilisokota kamba zangu.

Mumewe alipofariki nilipata Jumapili moja ya kwenda. Nilichota maji, nikapika na wenzangu, nikasugua masufuria mpaka alasiri. Akaniita nikae naye mkekani, akauliza kama kijana amemaliza chuo. Nikasema amebakiza mwaka. Kisha nikamwomba anipe kazi nyingine, yoyote, nisiondoke hivi hivi.

"Maji haya umewachotea waliokuja kuzika," alisema. "Deni langu la mashine lingali kwako, mwanangu. Usijifanye umelipa."

Alikuwa amenishika mkono alipokuwa akisema hayo, na hakuuachia upesi. Nikamjibu kwamba najua. Zamu yangu ilikuwa ya alfajiri, kwa hiyo nikawaaga wenyeji, nikaenda kutafuta gari la kurudi Tanga.