Vitambaa Vilivyopigwa Pasi

Katika jengo lile la ofisi la ghorofa nne, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, wote walimwita mwanamke wa usafi Mkurugenzi. Wengi walisema hivyo kwa utani, maana Mkurugenzi mwenyewe ndiye waliyemkuta amepiga magoti akisugua nyuma ya choo. Yeye hakuukataa utani huo. Cheo kilikuwa kimeandikwa kwenye kadi zake za biashara, na kwa maoni yake mtu mwenye kadi ana cheo, hata kama mkono wa pili umeshika brashi.

Kabla ya ugonjwa ule ulioifungia dunia nzima ndani, alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli kubwa. Wageni walipoacha kuja, hoteli ikafunga milango, naye akarudi nyumbani akaanza kupanga upya kabati la vyombo, leo hivi, kesho vile, mpaka mume wake akamwambia kwa upole kwamba vikombe navyo vinahitaji kupumzika. Kwa hiyo ofisi zilipoanza kufunguliwa, na kila mwenye jengo akawa anatafuta mtu wa kumwondolea vijidudu, Mkurugenzi hakungoja kuambiwa. Mume wake alitoa gari lake dogo la mizigo. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, alitoa mikono yake na mdomo wake, ambao haukuwa mdogo. Mama mkwe alitoa kitu kilichokuwa kizito kuliko vyote, nacho ni jina.

Jina hilo lilikuwa la marehemu baba mkwe, aliyekuwa hakimu, na mpaka leo watu wakimtaja hushusha sauti kana kwamba anaweza kuwapiga faini. Mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, hakuliachia kirahisi. Aliwakusanya sebuleni, akavaa miwani, akaitazama karatasi yenye mchoro wa maandishi yatakayopakwa ubavuni mwa gari.

"Jina la mzee limekaa kwenye mlango wa mahakama," alisema. "Sasa mnataka likae kwenye gari la ndoo."

"Gari la usafi, mama," mwanawe akamrekebisha.

"Ndoo zimo au hazimo?"

"Zimo."

"Basi ni gari la ndoo."

Mwishowe alikubali, kwa sharti moja. Siku atakaposikia mtu yeyote anasema ukoo huu umepita mahali na kuacha uchafu, atachukua kisu cha jikoni na kulikwangua jina lile kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe hakuwa na kawaida ya kutishia jambo asilolitenda. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wana vitambi na wajukuu, wangeweza kutoa ushahidi.

Kazi yenyewe Mkurugenzi aliijua. Siku zile mji ulikuwa umejaa watu waliovaa magauni ya plastiki na kubeba mitambo mgongoni, wakiingia ofisini na kupuliza moshi hewani mpaka makarani wanakohoa. Wateja waliupenda sana moshi huo. Kitu kikinuka vikali na kuwatoa machozi, waliamini wamepona. Mkurugenzi hakupuliza moshi. Aliwaambia wenye ofisi kwamba dawa haiui kitu ikipakwa juu ya uchafu, kwa hiyo kwanza ni maji na sabuni, kisha dawa, kisha subira, maana dawa inataka iachwe juu ya meza ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, si kufutwa palepale kama chozi la mtoto. Alishughulika na mahali mikono inapogusa: vitasa, swichi, vitufe vya lifti, reli ya ngazi, mpini wa birika. Vitambaa vyake vilikuwa vile vya nyuzi laini zinazonyonya maji, vyekundu kwa ajili ya vyoo, vya buluu kwa ajili ya meza, vya kijani kwa ajili ya jiko, na ole wako ukutwe na chekundu karibu na kikombe cha mtu.

"Wifi," dada wa mume alimwambia siku moja, "watu wanauliza mbona hatunuki."

"Waambie tumeoga."

Jengo lile la ghorofa nne ndilo lililowaweka mjini. Ofisi nyingine zilikuwa za kuokoteza, leo wanaitwa, kesho wanasahauliwa. Na meneja wa jengo, kijana mwembamba mwenye tai ndefu kuliko haja, alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Alinunua jeli isiyoonekana kwa macho pamoja na tochi ya mwanga wa zambarau. Kabla wasafishaji hawajafika, hupita akipaka tone la jeli hapa na pale. Wakimaliza, huzima taa na kumulika. Palipofutwa sawasawa hapaonekani kitu. Paliporukwa panang'aa kama jicho la paka. Tochi ile ilimpa furaha ambayo hata mshahara haukumpa.

Miezi ya mwanzo meneja alimulika na kuambulia giza tupu. Alionekana kama mtu aliyenunua ndoana akakosa samaki. Kisha, bila sababu yoyote ambayo Mkurugenzi angeweza kuiona, vitu vikaanza kung'aa. Kwanza kitasa kimoja. Halafu meza ya mapokezi, tone limesambaa lote kama siagi kwenye mkate. Halafu vitufe vya lifti, ghorofa zote nne, vikiwaka gizani kama sherehe.

"Mkurugenzi," meneja alisema, akijitahidi kuuficha uchangamfu wake, "mnafuta au mnapaka?"

Alimpa nafasi moja tu. Ukaguzi wa wiki inayofuata ukiwa kama huo, mkataba hautaongezwa, na barua ya kueleza sababu itatumwa kwa wenye ofisi wote. Mkurugenzi aliendesha gari akarudi nyumbani. Mkataba ulimuuma, lakini barua ndiyo iliyomtia baridi. Mmoja wa wenye ofisi alikuwa mwanasheria aliyesimama mara nyingi mbele ya baba mkwe. Barua ikimfikia asubuhi, mama mkwe ataisikia kabla ya chai ya saa nne.

Alikagua kila kitu. Alinusa dawa, akasoma tarehe ya chupa, akapima maji upya, akabadilisha sabuni. Aliwasimamia wasichana wawili aliowaajiri mpaka wakaanza kufuta kwa woga. Haikusaidia.

Jibu lilikuja kwa ajali, ghorofa ya pili, kwenye meza ya mhasibu. Glavu ya Mkurugenzi ilipasuka kidoleni, akaivua, akashika kitambaa cha buluu kwa mkono mtupu. Akamwaga maji kidogo mezani, akafuta. Maji yakakimbia mbele ya kitambaa. Akafuta tena, yakazunguka upande wa pili na kudondoka kwenye kiti cha mhasibu.

Alikiinua kitambaa kikavu kingine kutoka kwenye boksi. Kilisimama mkononi mwake bila kuinama.

Wifi yake akakitazama. "Hicho kitambaa au kadi ya mwaliko?"

"Nani amevifanya hivi?"

Wifi alikichukua, akakipiga kwa ukucha. Kikalia tak. Uso wake ukabadilika, akaketi kwenye kiti cha mhasibu, akainuka haraka kwa sababu kilikuwa kimelowa. "Huu ni wanga," alisema. "Wanga na pasi ya moto. Namjua fundi wake. Nimevaa sare za shule zilizofuliwa na mama yangu tangu darasa la kwanza. Nilikuwa nikikaa chini, sketi inabaki imesimama."

Hapo Mkurugenzi akaelewa, na alivyoelewa akatamani asingeelewa. Tangu mama mkwe ahamie kwao baada ya kuugua goti, vitambaa vilikuwa vimeacha kufuliwa na wasichana. Mama hakuvumilia kuona matambara yananing'inia kwenye kamba inayoelekea barabarani, yamelegea, yamekunjamana, huku majirani wakipita na kusoma jina la mzee ubavuni mwa gari. Aliyachukua, akasema mikono yake bado ina nguvu hata kama goti limestaafu. Yalirudi kwenye boksi yamekunjwa miraba, kona kwa kona, rangi kwa rangi. Na nani aliyemsifu? Mkurugenzi mwenyewe, aliyelelewa na meza za hoteli zenye vitambaa vikavu kama ubao, alisimama mlangoni na kusema, "Mama, vimenyooka utafikiri vya hotelini." Tangu siku hiyo, bila shaka, mama aliongeza wanga.

"Mwambie," wifi alisema.

"Mimi? Ni mama yako."

"Ndiyo maana. Mimi nikimwambia atanikumbusha nilivyofeli hesabu. Wewe ni mkwe, atakuheshimu."

"Ataniheshimu halafu atahama."

Walifikiria kununua vitambaa vingine na kuvificha, lakini mama mkwe alikuwa na jicho la kuhesabu wanafunzi foleni; kitambaa kigeni kingeingia kwenye beseni kabla hakijaguswa na uchafu. Mume alipoulizwa alikumbuka ghafla kwamba gari linahitaji kubadilishwa mafuta, akaenda kulibadilisha mafuta mpaka jioni.

Kwa hiyo Mkurugenzi aliingia jikoni peke yake. Mama mkwe alikuwa mezani, pasi kushoto, rundo la vitambaa vya kijani kulia, akipiga pasi kwa mwendo wa mtu anayesahihisha mitihani. Mkurugenzi alimwamkia, akaketi, akazungumza kuhusu goti. Kisha akazungumza kuhusu mvua. Alipoishiwa, alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji, kikombe kikapinduka, maji yakamwagika mezani. Mpaka leo hasemi kama alikusudia.

"Taratibu, mwanangu," mama mkwe alisema, akachukua kitambaa kutoka juu ya rundo, akakipitisha juu ya maji.

Maji yakasogea kando kwa adabu, yakakipisha kitambaa, yakashuka mapajani mwa mwalimu mkuu mstaafu.

Mama mkwe alitazama gauni lake. Akatazama kitambaa, ambacho kilikuwa kikavu juu na kikavu chini. Akakirudisha mezani, akakipitisha tena polepole, safari hii ameinama na kuangalia kwa karibu kupitia miwani. Alikuwa amefundisha sayansi kabla ya kupewa shule.

"Meneja alisema vitu vinang'aa tangu lini?" aliuliza mwishowe.

Mkurugenzi hakujua kwamba mama mkwe alikuwa na habari za meneja. Alitazama chini. "Si muda mrefu, mama."

"Tangu nilipoanza kufua."

"Mambo mengi yalianza wakati huo, mama. Tulibadilisha sabuni. Na maji ya jengo lile nayo..."

"Usinidanganye vibaya. Kama unanidanganya, nidanganye vizuri." Alizima pasi. Alikunja mikono juu ya kitambaa kile cha kijani kana kwamba anakizuia kisitoroke. "Mjini nimeringa kwamba hata matambara ya ukoo huu yana pasi. Nimemwambia mke wa mchungaji. Nimemwambia yule jirani ambaye hata simpendi."

"Na ni kweli yana pasi, mama."

"Ndiyo shida yake."

Usiku huo mama mkwe hakula mezani. Mkurugenzi alilala akisikia sauti ya maji kwenye ua wa nyuma, akaamini kwamba asubuhi atakuta masanduku mlangoni. Alikuta kamba nzima imejaa vitambaa, vyekundu, buluu na kijani, vimelowekwa kwenye maji ya moto na kusuuzwa mpaka wanga wote ukatoka, vimelegea na kukunjamana mbele ya barabara. Vile vilivyoungua nyuzi kwa pasi vilikuwa vimetengwa kwenye beseni vitupwe. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti, amevaa nguo za kutokea.

"Jirani akiuliza," alisema, "vinapumzika. Leo nakwenda na nyinyi."

Hakuna aliyethubutu kumzuia. Jengoni, meneja alimpa kiti cha mapokezi na kumwita Mwalimu, kwa sababu kumbe mama yake mzazi alisoma shuleni kwake. Mama mkwe alikaa wima, mkoba mapajani, akimwangalia mkamwana wake akifanya kazi. Hakuwahi kuiona kazi hiyo. Alimwona akisugua vitufe vya lifti kwa sabuni, akavipaka dawa, akasimama mbele ya lifti na kuwazuia watu wazima wenye mikoba wasiviguse mpaka muda utimie. Yule mwanasheria alilalamika kwamba amechelewa.

"Panda ngazi," Mkurugenzi alimwambia. "Reli imeshakauka."

Mwanasheria aligeuka atafute wa kumwonea huruma, akakutana na macho ya mjane wa hakimu. Akapanda ngazi.

Kisha meneja akazima taa na kuwasha tochi yake. Alimulika mapokezi, vitasa, swichi, mpini wa birika. Walimfuata ghorofa kwa ghorofa, mama mkwe akipumzika kila ngazi na kukataa kushikwa mkono. Giza. Meneja alimulika mpaka chini ya meza ya mhasibu ambako hakukumbuka kama alipaka kitu, akapata giza. Alirudisha taa, akionekana ameonewa.

"Safi kabisa," alikiri. "Mkataba nitausaini kesho. Lakini niambieni, hitilafu ilikuwa nini? Nataka niiandike kwenye taarifa."

Wifi akaanza kukohoa. Mama mkwe aliangalia ukuta, shingo imenyooka, akingoja kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Ilikuwa ya kitaalamu," Mkurugenzi alijibu. "Vifaa vilikuwa bora kuliko kazi yenyewe. Tumevishusha daraja."

Meneja aliandika hivyo hivyo.

Ndani ya gari mama mkwe alikaa mbele, wakapita taa za barabarani. Kisha akasema bila kugeuka, "Yule mama aliyekuzaa, anaendeleaje?"

"Mzima, mama."

"Msalimie. Mwambie alikulea vizuri." Alifikiri kidogo. "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni mimi."