Kona za Tuta la Linge

Mzee Geurt hakuwa na subira na wapanda pikipiki wanaosema Uholanzi haina kona. Yeye amezeekea kwenye barabara iliyo juu ya tuta la mto Linge, inayojipinda kama utumbo kwa sababu inafuata mto, na mto ule haujui kunyooka.

Jumamosi moja jirani yake Rutger aliegesha pikipiki mbele ya mkahawa, majigambo yakamtangulia ndani.

"Nimetoka milima ya Alpi, mzee! Huku kwetu bapa kama sinia, mtu unasinzia tu."

Geurt aliacha keki yake ya tufaha, akatoka, akachuchumaa nyuma ya ile pikipiki. Tairi la mtu wa kona huliwa pembeni. La Rutger lilikuwa limeliwa katikati tu, na pembeni vijinywele vya mpira vya kiwandani vimesimama vilevile, kama siku liliponunuliwa.

"Alpi ulikwenda, au uliiona kwenye kalenda? Haya, nifuate."

Geurt akapanda pikipiki yake mwenyewe, akatangulia juu ya tuta. Kona mbili Rutger alizimudu. Ya tatu ilimshinda, akateremka tuta na pikipiki yake hadi katikati ya kondoo. Geurt aligeuza, na kutoka juu akamwona Rutger akijipangusa matope, hana hata mchubuko.

"Ishukuru nchi bapa, bwana mkubwa," akasema. "Huko Alpi saa hizi ungekuwa bado unaporomoka."