Vikapu vya Mama Ema

Bridgit alikuwa msusi, na kama wewe ni mwanamke na umewahi kuishi mtaani kwetu Kimumu, basi kichwa chako kimewahi kubanwa katikati ya magoti yake. Sisi tulimwita Mama Ema. Alikuja Eldoret na mume kutoka pande za ziwa, mume akarudi huko akaoa mwingine, yeye akabaki na kibanda cha mabati, viti vya plastiki na binti mmoja, Emmaculate. Watu walimpenda vile watu wanavyompenda mtu wanayemhitaji Jumamosi. Siku nyingine walipita kibanda chake kama wanapita ukuta.

Ema alikulia pale kibandani akimkabidhi mama yake nywele za kuunga. Alisuka wanasesere, akasuka nyasi, akasuka kamba ya mbuzi wa jirani. Darasani alikuwa mzito. Hesabu zilimpiga chenga, Kiingereza kilimkimbia, na ripoti yake ilisema "chini ya matarajio" kuanzia juu mpaka chini. Madam Naomi, mwalimu wao wa darasa, alikuwa na kawaida ya kuyasoma maneno hayo kwa sauti mbele ya wenzake. Sijui ni chuo gani kinachowafundisha walimu ukatili wa namna hiyo, lakini yeye lazima alipita vizuri sana.

Sasa ikaja Desemba na wazimu wa projekti. Madam alituma ujumbe kwenye grupu ya wazazi: kila mtoto asuke kikapu kwa maganda ya mahindi, kazi ya mtoto mwenyewe, kiletwe shule zikifunguliwa. Kitakachopendeza kuliko vyote kitawekwa meza ya mbele na mwenyewe atatambuliwa mbele ya wazazi. Kwenye grupu wote waliitikia "Noted, Madam" na vidole gumba. Nje ya grupu walitukana mpaka nikaona haya kwa niaba yao. Nani ana muda wa kusuka maganda wakati watu wanavuna, wanasafiri na wanapika Krismasi? Dada yangu ni nesi, analala mchana, na mtoto wake hajui hata kufunga kamba za viatu. Hasira yao niliielewa. Walichofanya nayo ndicho kinachonichoma.

Wa kwanza kwenda kwa Mama Ema alikuwa Mama Kipyego, mwanamke wa gari na miwani ya jua, mwenye sauti kubwa katika kila mkutano. Alienda kusukwa, na akiwa pale pale magotini akasema, "Mama Ema, na hii mikono yako, si utufanyie tu hako kakikapu? Kipyego atanimaliza." Mama Ema akacheka, akakubali. Neno likasambaa, na kufikia Krismasi kibanda kilikuwa kimejaa maganda kuliko nywele. Dada yangu naye aliagiza. Mimi ndiye niliyekwenda kukichukua.

Nilimkuta Ema kwenye pembe akisuka chake. Alikuwa ameloweka maganda kwenye karai, anayapasua kwa meno, na vidole vimechanika. Aliwahi kukifumua chote kwa sababu kilielemea upande. Nikamwambia mama yake, "Si umsaidie tu?"

"Hapana," Mama Ema akasema. "Hiki ni chake. Mimi sigusi hata ganda moja. Hii ndio siku yake, wacha wamwone."

Ema alininong'oneza kwamba anataka Madam asome jina lake, lakini safari hii kwa kitu kizuri. Hakutaka kingine.

Januari nilikwenda kwenye maonyesho, dada akiwa kazini. Vikapu vilipangwa mezani na hata kipofu angeona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Mama Ema alikuwa amefunga kila ukingo kwa matuta, msuko ule ule wa watoto wa shule, unaoanzia pembeni na kuzunguka kichwa chote. Hakujua kufunga kwa njia nyingine. Na Ema, aliyefundishwa na mikono hiyo hiyo, alifunga chake vivyo hivyo, ila kilikuwa kimebana zaidi na kimesimama wima.

Madam Naomi akapita akipapasa kingo. Akasimama, akatuangalia sisi wazazi. Hapo angeweza kuuliza swali lililotustahili. Lakini waliokuwa wameketi mbele ni watu wa magari, akina Mama Kipyego, waliochangia basi la shule. Akageukia watoto.

"Emmaculate. Kuja na kikapu chako. Mama yako anafanya kazi gani?"

"Anasuka, Madam."

"Basi hiki amesuka mama yako."

"Hapana, Madam. Nimesuka mwenyewe."

Watu wakacheka. Madam akatuma maganda yaletwe, makavu, bila kulowekwa. "Haya. Suka tuone."

Mtoto akapiga magoti sakafuni. Alitema mate kwenye maganda ili yalainike, akaanza, na matuta yakatoka chini ya vidole vyake, moja baada ya lingine, bila yeye kutazama. Kicheko kikakatika. Mama Ema alikuwa amesimama nyuma, amejishika kifua, anatabasamu kama bibi harusi. Mimi mwenyewe nilisikia raha moyoni. Nikajua sasa jina litasomwa.

Ndipo Mama Kipyego akaruka. "Ati nini! Kumbe ni huyu! Huyu ndio amekuwa akiuzia watoto wetu vikapu! Kipyego aliniambia amesuka mwenyewe, kumbe alinunua kwa huyu kasichana!"

Kipyego akafungua mdomo. Mama yake akamfinya shingo, mdomo ukafungwa. Na wale wengine, eti watu wazima, wakadaka neno hilo kama mpira. "Hata wangu alinidanganya!" "Hata wangu!" Kila mzazi alimtupa mtoto wake mwenyewe shimoni ili yeye abaki msafi, na wote kwa pamoja wakamtupa Ema.

Mama Ema akaja mbele. "Madam, hivyo vingine nilisuka mimi. Hawa ndio waliniagiza. Hiki tu ndio cha mtoto."

"Mimi huyu mama simjui," Mama Kipyego akasema, na kichwani amebeba matuta mapya, ya Jumamosi iliyopita, mikono ya nani kama si ya Mama Ema? Nilisema, "Anasema ukweli," lakini nilisema kwa sauti ndogo na Madam alikuwa tayari anaandika. Watoto wengine wakapewa nafasi ya pili. Ema akapewa "chini ya matarajio", kwa kufanya biashara na kuharibu wenzake. Kikapu chake hakikurudishwa. Kiliwekwa ofisini, wakatia chaki.

Jumamosi iliyofuata Mama Kipyego alikuwa kibandani, kichwa magotini, kana kwamba hakuna lililotokea. Nilitarajia Mama Ema ambane mpaka macho yapande. Alimsuka kama kawaida. Mwenye kibanda hawezi kungoja amalize kulia ndipo afanye kazi.

"Wanasema April ni kofia," Mama Kipyego akasema. "Utatufanyia, ama?"

"Nitafanya."

Aprili Ema alianza kofia yake kabla shule hazijafungwa vizuri. Kofia ya nyasi, pana, safi, ungemvisha gavana. Mama yake akaichukua, akaitazama sana, kisha akaisukuma ndani ya jiko. Akakaa chini akasuka nyingine, kwa makusudi mbovu, imepinda upande mmoja, nyasi zimetoka nje kama nywele za mtu aliyeamka.

"Utabeba hii," akamwambia.

"Lakini mum, mimi najua kufanya poa!"

"Ndio maana."

Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenisimulia yaliyofuata shule zilipofunguliwa. Madam Naomi alipita kwenye kofia zote, akaokota ile iliyopinda, akaiinua juu darasa zima waione.

"Hii sasa ni kazi ya mtoto! Hii haijaguswa na mzazi. Emmaculate, umeona vile inakuwa poa mtu akifanya mwenyewe?" Akaandika kwamba amezidi matarajio, akalisoma jina lake kwa sauti, akawaambia wenzake wampigie makofi.

Ema akasema, "Asante, Madam," akarudi kuketi, akaficha mikono yake chini ya dawati.