Mwendo wa Habaryar

Kivuli ni kitu rahisi kukielewa ukishika tochi kwa mkono mmoja na kipande cha boksi kwa mwingine. Sogeza boksi karibu na tochi, kivuli kitakuwa kikubwa na kingo zake zitafifia. Lisogeze karibu na shuka lililotundikwa mbele yako, kivuli kitapungua na kuwa kikali, kama kimekatwa kwa wembe. Mtu yeyote anaweza kujifunza. Mimi nilijifunza kwa alasiri moja, katika chumba tulichokodi mtaa wa Iftin, nyuma ya duka la magodoro. Kilichonishinda ni kukifanya kitembee kama mtu.

Tulikuwa kikundi kidogo cha wasanii, wote tumekulia Garissa, na filamu yetu fupi ilimhusu mama anayeondoka na ngamia wakati wa ukame na kurudi na kamba tu. Kikaragosi chake tulikikata kwenye maboksi ya tambi, tukaunga magoti na nyonga kwa uzi, tukakiendesha kwa vyuma vya mwavuli uliovunjika. Hatukukipa uso. Baadhi ya wazee wa mtaa hawapendi sanamu zenye nyuso, na kuwasikiliza hakukutugharimu chochote. Mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine ambayo sikuwaambia wenzangu: nilidhani mtu asiye na uso hawezi kuwa mtu fulani.

Habaryar, yaani dada mdogo wa mama yangu, alikuwa akiishi nasi tangu mifugo yake iishe huko upande wa Elwak. Mimi humwita habaryar, naye huniita habaryar vilevile. Kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile la udugu, na ukilisikia unajua mambo ni mazuri kati yenu. Nyonga yake iliharibika zamani, kwa hiyo hupiga hatua, hutua kidogo, kisha huvuta mguu wa pili huku kiganja kimekaa kiunoni.

Siku moja, tukichagua mchele, aliniambia kuhusu ngamia jike wa mwisho. Huyo hakuwa wake; alikuwa wa abti, kaka yao, aliyemkabidhi amtunze. Abti alikuwa ameambiwa kwamba ngamia alikufa.

“Hakufa,” alisema, macho yake kwenye sinia. “Alishindwa kusimama, na maji yalikuwa yananiishia. Nilitoa kisu nimchinje, nisimwachie fisi. Mkono ukakataa. Nilipogeuka nikamwona amenyanyua shingo, ananitazama. Ningemwambiaje kaka yangu hivyo, habaryar?”

Nilichokuwa nikikiwaza ni ile shingo, na jinsi itakavyoonekana kwenye shuka.

Asubuhi yake nilisimama dirishani na simu, nikamrekodi akienda kwenye mfereji wa uani na ndoo. Nilirudia ile video mpaka mikono yangu ikaijua, kisha nikampa yule mama wa boksi mwendo huo. Rafiki yangu aliyekuwa akishika tochi alipiga kelele.

“Wallahi, huyu mama sasa ako hai! Umetoa wapi hii mwendo?”

“Nimeubuni tu,” nikasema.

Filamu ilipokwisha tuliionyesha kwanza uani kwetu, baada ya Magharibi, kwa majirani. Shuka lilitundikwa, kompyuta na projekta vikawekwa karibu nami, mikeka ikatandikwa, chai ikapita. Habaryar nilimkalisha mbele mimi mwenyewe. Abti alifika kutoka msikitini akaketi kwenye kiti karibu na lango.

Mama wa kivuli alitokea. Hatua, akatua, akavuta mguu. Kabla hajafika katikati ya shuka, jirani mmoja akaangua kicheko, akamgeukia habaryar.

“Wewe! Kumbe siku hizi ni mwigizaji na hutuambii!”

“Tazama mkono kiunoni! Ni yeye mtupu!” akadakia mwingine.

Watu wakacheka, na habaryar naye akacheka, amejifunika mdomo kwa mtandio. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Watu wetu wengi wamekulia kwenye tambarare, ambako mtu huonekana kutoka mbali sana. Kabla uso haujaonekana, wameshajua kwa mwendo kama ni binamu au mgeni. Hata ngamia aliyepotea humtambua hivyo. Nilikuwa nimeondoa kitu pekee ambacho hawakukihitaji.

Ningeweza kuifunga kompyuta. Nilikuwa karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote. Sikuifunga, kwa sababu sehemu iliyofuata ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Ngamia akapiga magoti. Kisu kikatoka, kikarudi. Mama akaondoka, na nyuma yake shingo ndefu ikanyanyuka polepole, ikijaza shuka lote. Kicheko kilikatika.

“Abaayo,” abti alimwita dada yake kwa sauti ya kawaida kabisa. “Alikuwa hai?”

Habaryar alishusha mtandio. “Alikuwa hai.”

“Na kisu ulikuwa nacho?”

“Nilikuwa nacho.”

Abti akasimama, akaweka shali yake begani, akatutolea salamu sote kama inavyopasa, akaenda zake.

Kesho yake niliketi karibu na habaryar nikamwomba msamaha.

“Nimekusamehe,” alisema haraka, kama mtu anayefunga mlango vumbi lisiingie. Kisha akaongeza: “Uliniangalia siku zote hizo. Kwa nini hukuniuliza?” Nilingoja lile jina la udugu mwishoni mwa swali. Halikuja.

Wenzangu nilipowaeleza yote na kuwaomba tuibadilishe filamu, walibishana nami. Mwishowe tuliiondoa sehemu ya ngamia anayeachwa, na mwendo tukaurekodi upya kwa kuiga wangu. Rafiki yangu alinirekodi nikipita uani, akatazama, akatikisa kichwa. “Huyu anatembea kama mtu anaenda kununua bando.” Ni kweli. Filamu imepungua nguvu, nami nimeiacha hivyo.

Wanaonijia kujifunza kazi hii, mimi huwatia moyo. Huwaambia boksi na tochi vinatosha, na mkono utazoea. Halafu huwaambia kwamba mwendo wa mtu ni mali yake, aombwe kwanza. Huwa wanaandika hilo kwa adabu na kuniuliza kuhusu gundi.

Abti bado huja kila Ijumaa. Hunywa chai na kumuuliza dada yake hali, lakini habari za malisho na mvua, ambazo zilikuwa zikiwakalisha hadi adhana, hazitajwi tena. Habaryar naye sasa huenda mferejini uani pakiwa patupu tu. Juzi nilikuwa dirishani nikikausha vikombe akatoka na ndoo. Aliponiona alisimama katikati ya ua, akaanza kufunga upya mtandio ambao ulikuwa umefungwa vizuri. Alifunga na kufungua. Niliviacha vikombe nikaenda chumba cha nyuma, ili aweze kutembea.